Wivu Juu ya Mkono wa Kuka

Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake. Hampi mkono, haketi kwenye kiti chake, na wakikutana kijiani ni mwanamke anayeingia kwenye majani ili mzee apite. Ndiyo maana siku ile hospitalini mjini, daktari aliposema kuka apimwe presha nyumbani kila asubuhi na kila jioni, mama yangu alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia, kisha akanitazama mimi. Kuka ni babu yangu, baba wa baba yangu. Kukhu, bibi yangu, alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na baba anafanya kazi mbali. Nilibaki mimi mjukuu, na mjukuu ana ruhusa ya kumgusa babu yake apendavyo. Hata ndevu anaweza kumvuta.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliweka picha ya kifua cha kuka mbele ya taa, akatuonyesha moyo, umelala pale kama boga lililokomaa.

"Mzee, ulilima na ng'ombe?"

"Nililima mpaka ng'ombe wakachoka, mimi nikabaki."

"Ng'ombe akivuta jembe kwenye udongo mzito kila siku, shingo yake inakuwa aje?"

"Inanenepa."

"Basi moyo wako umefanya hivyo. Presha ndiyo udongo mzito. Umesukuma damu kwa nguvu miaka mingi, umenenepa, halafu umepanuka. Usidhani umepata nguvu. Umechoka."

Kuka akafikiria. "Ng'ombe wa namna hiyo tunamchinjanga."

"Wewe hatukuchinji. Tunapunguza mzigo."

Mzigo ulipunguzwa hivi: tembe ya presha asubuhi, tembe ya kumfanya akojoe maji yaliyojaa miguuni, na nyingine ndogo ya kuusaidia moyo wenyewe. Asiziache hata siku akijisikia kijana. Apimwe uzito kila wiki, maana maji yakirudi mwilini mizani huyaona kabla ya macho. Na chumvi iondoke jikoni. Daktari alilisema la chumvi mara tatu, akihesabu kwa vidole.

Mimi shule yangu iliishia kidato cha pili. Nilikuwa nikitamani kuwa nesi tangu nikiwa mdogo. Niliwahi hata kumdunga mwanasesere wangu wa migomba kwa mwiba wa mchungwa mpaka akapasuka tumbo. Kwa hiyo baba mdogo alipotuletea mashine ya presha, niliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa cheti. Kila asubuhi nilijifunga leso nyeupe kichwani, nikavuka ua hadi nyumba ya kuka, nikamkuta ameketi kwenye kiti chake cha kamba.

"Mukhasi wanje amefika," alikuwa akisema. Mke wangu amefika. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, ni utani wa siku zote, lakini kuka aliusema kwa namna iliyonifanya nijione nimeolewa mahali pazuri.

"Lete mkono, mzee. Ulilala?"

"Nililala aje na wewe hukuja kunifunika?"

Mashine ikinguruma tulikuwa tukiongea. Aliniambia juu ya ng'ombe wake wa zamani, juu ya kukhu alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Mimi nilimwambia juu ya nguo nyeupe nitakayovaa siku moja na viatu visivyopiga kelele. Ile ilikuwa robo saa yangu. Mama hangeweza kuja pale, ndugu zangu hawakuwa na haja ya kuja, na mkono wa kuka, wenye mishipa kama mizizi ya mti wa kingo za mto, ulikuwa wangu peke yangu.

Mizani hatukuwa nayo. Kila Jumatatu nilimpeleka sokoni Lubao kwa mnunuzi wa mahindi, apande kwenye mizani ya magunia. Wapakiaji walimpenda.

"Mzee leo umekauka vizuri," mmoja alimwambia. "Unyevu umetoka."

"Uliza mke wangu. Yeye ndiye ananianika."

"Basi tukununue kwa gorogoro ama gunia zima?"

"Siuzwi. Mimi ni wa mbegu."

Tulicheka mpaka nikamwambia anyamaze, asije akachoka. Miguu yake ilikuwa imepungua, viatu vilimwingia tena. Niliona ni kazi yangu ile.

Halafu kaka yangu akamleta mkewe nyumbani.

Walikuwa wakiishi Shirere kwenye nyumba ya kupanga, kaka akifanya kazi ya kuchomelea vyuma. Alipopata kazi ya miezi mingi huko mbali, akaona mkewe akae nasi. Wifi yangu ni mwembamba, sauti yake ndogo, na ana tabia ya kunawa mikono kabla ya kila jambo. Alisoma mambo ya afya ya jamii mwaka mzima, ana karatasi yenye muhuri. Nilimpenda siku mbili.

Siku ya tatu alinifuata kwa kuka nikienda kupima. Mke wa mjukuu hana mwiko na babu. Kwake yeye ni mke vilevile. Alisimama kando, akaniangalia nikimfunga kuka ile nguo ya mashine juu ya mkono wa koti, huku nikimuuliza habari za kukhu. Namba zikatoka. Nikaandika.

"Wifi, samahani," akasema taratibu. "Koti litoke. Na asiongee."

"Yeye huongea kila siku."

"Ndiyo. Ndiyo maana hizo namba si zake, ni za stori." Akamgeukia kuka. "Kuka, kanyaga chini miguu yote miwili. Usiikunje. Weka mkono hapa mezani, ulingane na moyo. Tukae kimya dakika tano."

Tulikaa kimya dakika tano. Sijawahi kuona dakika ndefu namna ile. Alipopima, namba zilikuwa tofauti kabisa na zangu. Kuka akaziangalia, akamwangalia yeye, akasema, "Huyu mdogo ana mkono mwepesi. Sikusikia hata kubanwa."

Mdogo. Yaani mke mdogo. Basi mimi nikawa mke mkubwa, na kila mtu wa kwetu anajua mke mkubwa ni yule anayesalimiwa kwa heshima halafu watu wanaenda kula kwa mwenzake.

Sitaki kujificha. Nilimwonea wivu kwa kila kitu. Nilimwonea wivu kwa karatasi yake yenye muhuri, kwa vidole vyake, hata kwa ule ukimya wake. Asubuhi, yeye akimpima kuka, nilikuwa nikifagia ua kwa kelele ili nisiwasikie, halafu nikaacha kufagia ili nisikie. Alimpangia tembe kwenye visahani vya udongo, cha asubuhi na cha jioni. Alimwinulia mto. Alimkataza zile dawa za maumivu za dukani alizokuwa akimeza kwa ajili ya magoti, akasema zinazuia maji mwilini na kupandisha presha. Mimi nilikuwa nimemnunulia dawa hizo mwenyewe. Na Jumatatu ni yeye aliyempeleka Lubao. Waliporudi, kuka alikuwa akicheka kwa jambo nisilolijua.

"Walisema nini huko?" nikamuuliza.

"Ah, mambo ya mizani," akasema kuka, na akaendelea kucheka bila mimi.

Mahali pamoja tu wifi hakumweza. Jikoni. Akichukua zamu ya kumpikia, alifuata neno la daktari kwa herufi zake zote: hapana chumvi, hapana mchuzi wa pakiti. Mboga zake zilitoka sufuriani zikiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Kuka alikula tonge mbili, akasukuma sahani.

"Mdogo, hii mboga ulipika ama uliiosha?"

"Ni ya moyo wako, kuka."

"Mwambie moyo ukule basi. Mimi nimeshiba."

Nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua kunde. Nilisikia furaha ikinipanda mpaka masikioni.

Kesho yake nilichoma maganda makavu ya maharagwe. Nikachukua majivu, nikayatia kwenye chungu chenye matundu chini, nikamwagia maji, na yakaanza kudondoka tone kwa tone, rangi ya chai ya rangi. Hayo maji ndiyo musherekha. Kwetu mrenda, ile mboga ya majani ya kuteleza, haupikwi bila musherekha. Ndiyo inayoulainisha, ndiyo inayoupa ile ladha ambayo mtu akiwa mbali anaiota. Bibi zetu walipika nayo kabla chumvi ya dukani haijafika. Na mimi, kama mtu yeyote wa ukoo wetu ambaye ungemuuliza siku ile, niliamini chumvi ni ile nyeupe ya pakiti. Musherekha ni majivu ya shamba letu wenyewe, yatamdhuru nani? Daktari alikataza chumvi. Majivu hakuyataja.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini nikikumbuka vizuri, sikumwambia wifi. Mtu anayeamini kwamba hafanyi kosa hapiti nyuma ya nyumba na bakuli chini ya leso.

Kuka alionja. Akafumba macho.

"Mke mkubwa," akasema. "Nilidhani umeniacha."

"Niende wapi?"

"Huyu mdogo asijue. Atalia."

"Hatajua."

Basi tukawa na siri. Kila siku baada ya chakula cha wifi, ambacho kuka alikionja kwa adabu, mimi nilipita nyuma na bakuli. Alikula yote, akapangusa kwa ugali. Tulirudia mazungumzo yetu, kwa kunong'ona sasa, na yakawa matamu zaidi. Wiki tatu zilipita hivyo. Nilikuwa nikiimba nikifua.

Wifi ndiye aliyeona kwanza. Si presha, presha ilikuwa imetulia. Ni ile namba ya chini kabisa kwenye mashine, ya mapigo ya moyo. Ilikuwa ikishuka kidogo kidogo, na asubuhi moja ilishuka sana. Akapima tena, akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mwenyewe kwa saa ya simu.

"Kuka, unajisikia aje?"

"Miguu ni mizito. Kama nimetembea kwa matope."

Alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Mama aliyaona hayo kutoka uani, akashika kichwa, asiweze kuja karibu. Nilimbeba kuka upande mmoja, wifi upande wa pili. Tukampeleka hospitalini.

Walimtoa damu, wakamwekea waya kifuani na karatasi ikatoka na vilima vyake. Mama alikaa kwenye benchi la nje pamoja na shangazi, dada ya baba, aliyekuja mbio. Mimi nilikuwa nikiingia na kutoka, na nikawasikia.

"Tangu huyo msichana aanze kumpikia, mzee amekonda," shangazi alikuwa akisema, bila kushusha sauti. "Anamnyima chakula. Huyo na masomo yake atatumalizia mtu."

"Na mimi naona hivyo," mama akasema.

Wifi alikuwa hatua tatu kutoka kwao, anasikia kila neno, ameshika koti la kuka. Na hapa lazima niandike kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: nilifurahi. Moyo wangu ulicheza. Niliwaza, watamrudisha Shirere, na asubuhi itakuwa yangu tena.

Daktari alikuwa yule yule wa boga na ng'ombe. Alituita mimi na wifi kando ya kitanda.

"Nani anampikia?"

"Ni mimi," akasema wifi. Akataja kila kitu, mboga, viazi vitamu, samaki wa kuchemsha, bila chumvi. Hakukosea hata siku moja.

Daktari akatikisa kichwa. "Kuna madini fulani yamejaa kwenye damu yake. Moja ya tembe zake huyabakiza mwilini, lakini si kwa kiwango hiki. Yakizidi, moyo unasahau mwendo wake. Na moyo wenyewe tayari umepanuka, hauna nguvu ya kuvumilia. Kama hakuna kitu kingine anachokula, basi figo ndizo zimeanza kushindwa, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Mzee, kuna kitu kingine unakula?"

Kuka alifungua macho. Alinitafuta, akanipata, akamwambia daktari, "Hakuna. Nakula ya huyu mdogo tu."

Alinidanganyia. Mzee asiyeweza kusimama, pumzi yake fupi, alitumia ile pumzi kunificha. Sijui kama kuna mtu amewahi kunipenda kuliko dakika ile. Na ilikuwa lazima niiharibu, kwa sababu daktari alikuwa tayari ameshika kalamu aandike mambo ya figo.

"Ananidanganyia mimi," nikasema. "Namletea mrenda. Wa musherekha. Kila siku."

Daktari aliyeketi akasimama. "Ya majivu ya maharagwe?"

"Ndiyo."

"Kwa wiki ngapi?"

"Tatu."

"Dada, hayo majivu yamejaa madini hayo hayo. Umemnywesha kila siku juu ya tembe." Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. "Umefanya vizuri kusema. Sasa najua la kufanya."

Kuka aligeuza uso ukutani.

"Umeniuza," akasema.

Alikaa hospitalini siku nne. Waliisimamisha ile tembe, wakampa dawa nyingine ya kuyaondoa yale madini, na mapigo yakapanda taratibu kama mtu mzee anayepanda kilima, akisimama, akiendelea. Mama na shangazi nilishawaambia ukweli pale pale kwenye benchi. Shangazi alimwomba wifi msamaha kwa kumnunulia soda. Mimi hakuninunulia.

Nyumbani kuka hakuongea nami. Nikiingia, anafumba macho. Nikimsalimia, anasalimia mlango. Hakukasirika juu ya moyo wake, hilo nililijua. Alikasirika kwa sababu alinificha nami nikajitoa hadharani, nikamwacha na uongo wake mdomoni mbele ya daktari kijana. Kwa wifi alikuwa akicheka. Nilisikia kicheko hicho kupitia ukuta wa udongo, na wivu wangu wa zamani ulikuwa mchezo wa watoto ukilinganisha na huo.

Lakini hakuwa anakula. Wifi alikuja jikoni siku ya tatu, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda.

"Amekula tonge moja. Daktari alisema tembe zisikae kwenye tumbo tupu. Wifi, mimi sijui kupika. Mama yangu alikuwa mtu wa chai na mkate."

"Hataki kitu kutoka kwangu."

"Najua."

Tukatazamana. Nikachukua kisu.

Mrenda usio na musherekha ni kitu kikaidi. Wa kwanza ulitoka kama kamba, nikawapa kuku. Wa pili nikaukatakata mpaka ukawa kama vumbi, nikauchanganya na majani ya kunde, nikatia vitunguu saumu, tangawizi, na simsim kidogo niliyoikaanga na kuitwanga. Mwishoni nikakamulia ndimu nusu. Nikauonja. Haukuwa ule wenyewe. Ulikuwa binamu yake, lakini binamu mwenye adabu. Wifi akamuuliza daktari kwa simu juu ya kila kitu kilichoingia, kimoja kimoja, na daktari akakubali, bora bakuli liwe dogo. Nikampa alipeleke yeye.

"Nimwambie ni wewe?"

"Ukimwambia hatakula."

Nilisimama nyuma ya nyumba, mahali pale pale pa bakuli la siri. Nilisikia kijiko. Nikasikia kimya. Nikasikia kijiko tena.

"Mdogo," kuka akasema. "Umeanza kuwa mtu."

"Asante, kuka."

"Chumvi hakuna, lakini kuna maneno ndani yake. Nani alikufundisha?"

Wifi akakohoa. "Najaribu tu."

"Basi ita yule mwingine aje umfundishe. Yeye mkono wake ni wa kuua watu."

Nilijishika mdomo kwa mikono miwili. Nilitaka kuingia na sufuria nimwonyeshe masizi yake. Nilitaka kulia, na nilikuwa nikicheka, na bakuli lilitoka tupu, limepanguswa.

Kesho yake nikajifunga leso, nikaenda kufundishwa. Wifi alitaka meko yawe uani, mbele ya kiti cha kuka, ili mwenyewe aone. Alisimama juu yangu, masikini, hajui hata maji yaanze au mboga zianze, uso wake umeiva kwa aibu.

"Sasa, eh, tia kitunguu," akasema.

Bado haikuwa wakati wa kitunguu. Nikatia kitunguu.

"Punguza moto kidogo."

Nikapunguza moto. Kuka aliegemea mbele, mkono wake juu ya goti, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini akanitazama usoni.

"Angalia vizuri anavyofanya," akaniambia. "Usirukeruke. Ukishika hii, utakuwa unanipikia siku huyu mdogo amechoka."

"Ndiyo, kuka," nikasema, nikakoroga.